Sehemu ya Juu ya Picha

Kwa miaka kumi na mmoja aliishi kwa macho yake. Kwenye barua ya ajira aliandikwa karani wa takwimu, lakini pale kituo cha misitu, kuanzia mkuu mpaka mfagiaji, hakuna aliyemwita hivyo. Walimwita Bi Macho. Jina alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa la kweli, na kwa sababu lilikuwa la sifa, na sifa hazikuwahi kumwandama sana maishani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya msitu, kwenye mashina ya miti, usawa wa goti, askari wa misitu walikuwa wamefunga kamera zinazojipigia picha kila kitu kinapopita mbele yake. Kila mwisho wa mwezi walirudi na kadi za kamera hizo, ndogo kama ukucha wa dole gumba, kila moja ndani ya kifuko chenye namba ya kitalu ilikotoka. Kamera haina akili. Upepo ukitikisa jani, inapiga. Kadi moja ikija na picha elfu nne, elfu tatu na mia tisa ni majani matupu. Kazi ya Bi Macho ilikuwa kuyatenga majani na wanyama, kuyafuta majani, kuwahesabu wanyama, na kuandika hesabu kwenye jedwali. Kadi ikisafishwa, inarudi msituni ikiwa tupu.

Makarani wengine walijaribu wakashindwa. Ikifika saa tano walikuwa wamelala mdomo wazi mbele ya kompyuta. Yeye aliweza picha elfu mbili kabla ya chakula cha mchana, mkono wa kulia kwenye mshale, wa kushoto kwenye kitufe cha kufuta, huku akikusimulia ugomvi wa majirani tangu ulipoanza. Siri yake aliitoa bure kwa kila aliyeuliza. Tazama chini, alisema, tafuta miguu. Pasipo na miguu hakuna mnyama, futa, songa mbele.

Msituni kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Aliuona kupitia dirisha la ofisi, mstari wa kijani kibichi nyuma ya tangi la maji, na akaridhika. Aliogopa ruba. Akiulizwa, alijibu kwamba msitu anaujua kuliko wanaoutembea, kwa kuwa wao wanauona kwa siku moja na yeye anauona mwaka mzima, mchana na usiku, kwa kamera thelathini.

Chumba chake kilikuwa cha pili kushoto, kando ya stoo. Palikuwa na feni iliyogeuza shingo upande mmoja ikakwama huko, kabati la mafaili lenye kitasa kilichong'oka, na meza ambayo mguu wake mmoja ulisimama juu ya kipande cha kigae. Na palikuwa na lile boksi. Miaka sita nyuma macho yalimuuma mpaka akaona nyota mchana. Daktari akamwambia apunguze mwanga. Sehemu ya juu ya picha nyingi huwa ni anga inayopenya kati ya matawi, nyeupe, inachoma kama kurunzi. Aliomba kompyuta nyingine, akaambiwa asubiri bajeti. Basi akakata kifuniko cha boksi la karatasi za printa, upana wa vidole vinne, akakibandika kwa selotepu juu ya kioo cha kompyuta. Macho yakapoa. Kazi ikaenda kasi kuliko mwanzo, na mkuu akamsifu. Hata yeye mkuu, akipita na jambo la haraka, aliandika kwenye kikaratasi na kukigandisha pale pale juu ya boksi, mahali ambapo alijua Bi Macho lazima ataona.

Jumanne hiyo kikaratasi cha mkuu kilisema: Kitalu cha Saba, malizia leo, ripoti ni Ijumaa.

Kila mtu alijua maana yake. Kitalu cha Saba, bonde lile la kusini lenye kijito, kilikuwa kinaondolewa kwenye hifadhi. Ripoti ikienda makao makuu na kusema hakuna kitu cha kulinda humo, mpaka unasogezwa na mashine za kukata miti zinaingia kabla ya mvua. Na ripoti ilikuwa tayari, isipokuwa mstari wa mwisho. Jedwali la Bi Macho la miaka sita, tangu kamera zilipofungwa humo, lilionyesha swala wachache, nguruwe, nungunungu. Kwenye safu ya kima na nyani, sifuri kuanzia juu mpaka chini, zimejipanga kama shanga.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na chumba kilijaa joto la unyevu. Alikuwa amefika picha ya elfu tatu na kitu. Jani, futa. Jani, futa. Selotepu iliyochoka ikaachia upande mmoja, boksi likaning'inia kwa sekunde kama linafikiri, kisha likaanguka juu ya mikono yake.

Akainua macho ili alirudishe.

Kule juu, pale ambapo kwa miaka sita palikuwa na kipande cha boksi, nyuso tano zilikuwa zinamtazama.

Kitu cha kwanza alichofikiri ni kwamba kuna mtu anamfanyia mzaha. Aligeuka akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akatazama tena. Walikuwa wamekaa kwenye tawi moja lililolala juu ya kijito, wamebanana kama watu kwenye benchi la zahanati. Miili myeusi, kuzunguka macho mduara wa manyoya meupe kama miwani, na mikia yao ilishuka wima kutoka kwenye tawi, mirefu kupita kiasi, rangi ya shaba iliyosuguliwa. Ncha za mikia zilifika nusu ya picha. Ncha hizo alikuwa amezizoea. Alikuwa ameziona mara mamia kwenye kitalu hicho zikining'inia, na kila mara alijiambia kwamba ni kamba za mti, zile zinazotambaa na kukauka.

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka hadi kwenye korido ambako, juu ya chujio la maji ya kunywa, kulikuwa na mchoro wa zamani ndani ya fremu. Kila siku alijaza kikombe chake chini ya mchoro huo. Kima mkia-shaba, yaliandikwa maneno chini yake, hajaonekana tena tangu ngozi ya mwisho iliponunuliwa kwa mwindaji. Mwaka uliotajwa ulikuwa kabla mama yake hajaolewa. Aliutazama mchoro mpaka mfagiaji akamuuliza kama maji yameingia mdudu.

Alirudi, akafunga mlango, akaanza kurudi nyuma kwenye kadi. Hapo ndipo akili ilipomruka. Picha elfu tatu za siku hiyo hazikuwepo. Alikuwa amezifuta mwenyewe, moja baada ya nyingine, huku akipiga miluzi. Zilibaki mia nane na ushei. Alizipitia zote bila boksi, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Kwenye tisa kulikuwa na kipande cha mkia, au mkono mweusi umeshika tawi, au mgongo. Nyuso zilikuwa kwenye ile moja tu.

Miezi sabini na mbili, aliwaza. Kadi moja kila mwezi kutoka kitalu hicho kimoja. Alijaribu kufanya hesabu akaacha.

Kisha akakumbuka jambo lingine, na hilo lilimpiga kuliko nyuso.

Pale kituoni kulikuwa na askari mkongwe wa misitu ambaye wote walimwita Mzee Ndoto. Ndiye aliyefunga na kufungua kamera za upande wa kusini. Mtu mrefu, mkimya, viatu vyake vinakaa nje ya mlango hata pale asipotakiwa kuvivua. Miaka minne kabla, kwenye mkutano wa asubuhi, mzee huyu alisimama, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akasema amewaona kima mkia-shaba Kitalu cha Saba, juu ya kijito, kwa macho yake. Mkuu akamgeukia Bi Macho akamuuliza mashine inasemaje. Naye Bi Macho, amekaa mbele, kikombe mkononi, alijibu kwamba kule ni majani tu, mzee wetu labda alisinzia akawaota. Watu walicheka hadi machozi. Dereva aligonga meza. Jina la Mzee Ndoto lilizaliwa siku hiyo, na aliyelizaa ni yeye.

Tangu siku ile mzee hakusimama tena kwenye mkutano wowote.

Bi Macho alimkuta stoo, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anakunja mikanda ya kamera. Hakujua aanzie wapi. Alimwambia tu, "Mzee, njoo utazame kitu," na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe. Mzee alimfuata. Alivua viatu mlangoni. Aliinama mbele ya kompyuta, mikono nyuma.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililomtia baridi Bi Macho. Alitazama kama mtu anavyotazama picha ya watu wa nyumbani kwake, kisha akanyoosha kidole bila kugusa kioo.

"Huyu wa pembeni ni jike," alisema. "Yule wa sikio lililochanika. Amezeeka."

Bi Macho alimuuliza, karibu kwa hasira, kwa nini basi hakusema tena, mwaka wa pili, mwaka wa tatu, kwa nini alikaa kimya miaka minne na siri kama ile.

"Nilisema," alijibu mzee. "Ukanijibu."

Hapakuwa na ukali katika maneno hayo. Afadhali ungekuwepo. Macho ya mzee yaliteremka kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kile kipande cha boksi pale mezani, na selotepu yake iliyoshika vumbi, na kikaratasi cha mkuu bado kimegandia juu yake. Aliona alichoona. Akavaa viatu, akarudi kwenye mikanda yake.

Nyumbani, jioni, mumewe alikuwa bado kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa nguo na chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka lake. Sare za shule zilikuwa zimening'inia kila upande, mikono mitupu ya bluu. Bi Macho alikaa kwenye kigoda cha wateja akamweleza yote. Fundi alisikiliza na pini mdomoni. Alipozitoa, alizitoa moja moja, akizichomeka kwenye mto, na mkewe akajua anatafuta njia ya kumtua mzigo.

Njia ilikuwepo. Picha si ipo, alisema fundi. Ipeleke. Ni ya mwezi huu, hujadanganya. Wewe ndiye umewaona, watakupigia makofi, na boksi ni takataka, nani ataliuliza.

"Watauliza miaka sita walikuwa wapi."

"Waambie wamehamia juzi. Kwani kima ana barua ya mjumbe inayosema anakaa wapi?"

Alicheka, hakutaka kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, fundi akaacha cherehani akaja kumshika bega.

Shida ni kwamba yeye alijua utaratibu wa ripoti kuliko yeyote. Mnyama aliyeonekana mara moja anaandikwa chini ya wapitaji, na wapitaji hawaokoi kitalu. Kinachookoa kitalu ni wakazi, nao ni wale walioonekana katika miaka mitatu tofauti. Picha moja pamoja na sifuri za miaka sita maana yake ni hii: kundi la kima lilipita bondeni mwezi huu likaenda zake. Mashine zingeingia kama kawaida, na yeye angebaki na jina lake. Ili bonde libaki, lazima zile sifuri zivunjwe, na mtu pekee aliyeweza kuzivunja ni yule aliyeziandika. Angesimama aseme hazikuwa sifuri. Aseme hakutazama.

Fundi alirudi kwenye cherehani lakini hakushona. Aliuliza kama wanaweza kumfukuza kazi. Akamjibu kwamba wanaweza. Aliuliza tena, kwa sauti ya chini, kama hakuna namna nyingine, na Bi Macho akachukua sare moja akaanza kuikunja.

Alhamisi alimwomba mzee ampeleke. Hakueleza kwa nini. Labda alitumaini kwamba wamekwisha kuhama kweli. Mzee alizitazama kandambili alizovaa, akaenda stoo akarudi na buti za mpira na soksi nene, akamwambia aingize suruali ndani. Dereva aliwashusha kwenye kizuizi huku akimtania Bi Macho kwamba ruba wa huko wanapenda watu wa ofisini, damu yao imetulia.

Walitembea saa nzima. Kitu kilichomshangaza kwanza kilikuwa kitu cha kijinga: kwamba msitu una juu. Kwa miaka kumi na mmoja aliujua kama sakafu, majani makavu, mizizi, miguu inayopita. Sasa alikuwa chini ya kitu kirefu kuliko jengo lolote alilowahi kuingia, tabaka juu ya tabaka, na huko juu ndiko kulikokuwa na shughuli zote. Kelele, matunda yanayoanguka, mbawa, mpasuko wa matawi. Huku chini palikuwa kimya kama korido ya shule wakati wa mtihani. Aliyoyahesabu miaka yote hiyo yalikuwa mambo ya koridoni.

Kisha ghafla jua likawapiga usoni. Alifikiri wametoka msituni, wamepotea njia. Mbele yao palikuwa na uwanda wa visiki, mamia kwa mamia, vingine vipana kama meza ya kulia watu kumi, majani ya nyika yameota kati yake. Barabara ya magogo ilikuwa imekatiza katikati, matairi yameacha mifereji iliyojaa maji ya rangi ya chai.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

"Cha nne," alisema mzee, bila kusimama.

Kitalu cha Nne kwake kilikuwa faili. Lilifungwa miaka mitatu nyuma, likakaa droo ya chini ya kabati, na mhuri wa IMEKAMILIKA aliupiga yeye mwenyewe kwa mkono wake. Kabla ya hapo kamera zilikaa humo, na kadi zilipita mezani kwake mwezi hata mwezi, boksi likiwa mahali pake. Sifuri, sifuri, sifuri. Alisimama katikati ya visiki. Hakuwa amewaza cha nne hata mara moja tangu Jumanne. Alikuwa ameshughulika na bonde moja, kana kwamba boksi lilifunika bonde moja tu.

Alimwita mzee. Alimuuliza kama na hapa walikuwepo.

Mzee alivua kofia, akaifuta kwa ndani na kiganja, akaivaa. Akasema kijito hakiko mbali, wawahi kabla jua halijapanda, kima wakipumzika itakuwa vigumu kuwaona. Akaendelea kutembea.

Kitalu cha Saba kiliwapokea kwa kivuli na sauti ya maji. Kwenye mashina mengi kulikuwa na rangi nyekundu, msalaba uliopakwa kwa brashi, na rangi ya baadhi ilikuwa mpya mno, imetiririka. Mzee alimwonyesha jiwe la kukalia. Walikaa. Baada ya muda mzee alisema, "Hao," na Bi Macho akatazama, asione kitu. Mzee akaelekeza kwa kidevu. Bado hakuona. Jasho lilimtoka; aliona matawi, mwanga, majani, kamba za mti zilizokauka zikining'inia. Alikuwa anatafuta miguu.

Ndipo kamba moja ikajikunja ikapanda juu.

Alipojua namna ya kutazama, walikuwa kila mahali. Juu yake kabisa, jike la sikio lililochanika lilikuwa linamenya tunda bila haraka, maganda yakimwangukia Bi Macho begani. Kifuani mwake alikuwa ameng'ang'ania kichanga, rangi yake bado hafifu, mduara wa macho haujatimia. Jike liliinama likamtazama. Halikuogopa, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia. Lilimtazama kama linavyotazamwa jiwe, kisha likarudi kwenye tunda. Wakati wote huo Bi Macho alipoandika kwamba hakuna kitu, jike hilo lilikuwa hapa, linakula, linazaa, linazeeka.

Njiani kurudi alitoa ruba wawili kwenye kifundo cha mguu kwa mkono wake mwenyewe na hakukumbuka kuogopa.

Ijumaa saa mbili aliingia kwa mkuu na picha iliyochapishwa. Mkuu alikuwa mtu wa mafaili, si mbaya, mwenye haraka. Alipoiona alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliishika picha kwa ncha za vidole kama kitu cha moto. Kisha alianza kuongea kwa kasi, simu, magazeti, wataalamu watakuja, kituo kitajulikana, na yeye Bi Macho ndiye mgunduzi, jina lake litakuwa la kwanza. Bi Macho alimwacha amalize. Halafu akamweleza habari ya boksi.

Mkuu hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uso wake ulisawijika, na akapeleka mkono mfukoni mwa shati, kwenye kile kitabu cha vikaratasi vya kugandisha, akautoa haraka. Alikuwa ameliangalia boksi lile kwa miaka sita kama yeye.

Hakupiga kelele. Alifikiri, na baada ya dakika chache alikuwa ameshapata pa kupita. Alipiga simu makao makuu mbele yake akasema ripoti ya Kitalu cha Saba isitishwe, kuna kasoro ya kifaa. Bonde likapona hapo hapo, kwa sentensi moja. Kisha mkuu akamsukumia karatasi. Aandike maelezo mafupi, ayasome mkutanoni saa nne mbele ya wote, wayatie sahihi, yaambatanishwe. Kasoro ya kifaa, Kitalu cha Saba. Basi.

"Na cha nne?"

"Cha nne kilishafungwa," alisema mkuu. Alisema kwa upole, kama mtu anayefunika maiti. "Miti haiwezi kurudi, dada yangu. Ukikifungua kile, si wewe tu utakayekwenda na maji. Mimi ndiye niliyesaini."

Ilipofika saa nne walikuwa wamejaa, dereva, makarani, askari, mfagiaji kasimama dirishani. Habari za picha zilikuwa zimekwisha kuenea na watu walikuwa na furaha ya harusi. Mtu alimpisha kiti cha mbele, kile kile. Mzee alikuwa nyuma, karibu na mlango, miguu yake yenye soksi sakafuni. Dereva alimpigia makofi Bi Macho, akasema macho hayo yawekewe bima.

Alisimama. Karatasi ilikuwa mkononi na jedwali la zamani la vitalu vyote lilikuwa mezani mbele yake. Alisema kwamba kima hao hakuwagundua yeye. Waligunduliwa miaka minne iliyopita na mzee aliyekaa pale nyuma, akaripoti hapa hapa, na yeye akamfanya kichekesho kwa kuwa alijua kila kitu. Alieleza boksi, upana wake, siku alipolibandika. Aliwaambia kwamba sifuri zake hazikuwa hesabu. Akataja Kitalu cha Saba, na mkuu akaanza kuinuka ili kumshukuru.

"Na Kitalu cha Nne," alisema. "Kile tulichokwisha kukata. Huko nako sikutazama."

Mkuu alikaa. Dereva, ambaye lori lake ndilo lililobeba magogo ya kwanza, alitazama viganja vyake. Bi Macho alisema hajui palikuwa na nini humo, na kwa kuwa picha alizifuta hatajua kamwe, na hilo ndilo alilotaka liandikwe. Alibaki amesimama, kalamu mkononi, bila kujua kama akae au atoke.

Nyuma, karibu na mlango, mzee alisimama.

"Kumi na wanane," alisema.

Wote waligeuka. Alikuwa hamtazami mtu, anatazama jedwali kule mbele mezani, kana kwamba anaweza kulisoma kutoka alipo.

"Cha nne. Mara ya mwisho nilipowahesabu, kabla ya mashine. Kumi na wanane."

Bi Macho aliinama. Alitafuta mstari wa kitalu cha nne, safu ya kima, mwaka wa mwisho. Alikata sifuri yake kwa mstari mmoja na kuandika pembeni kumi na nane, pole pole, kwa mwandiko ulioyumba kama wa mwanafunzi. Kisha kitu kikamjia, na akauliza bila kuinua kichwa, kwa kuwa hakuweza kukiinua, kama hao ni pamoja na watoto.

Mzee alifikiri.

"Watoto sikuweza," alisema. "Walikuwa hawatulii."